Mikono ya Mtu, Sura ya Wifi

Mama msimamizi wa zahanati hakuingia karakana. Alisimama mlangoni, mkoba ameubana kwapani kama vile vumbi la mle ndani lina vidole, akasema yake kutoka hapohapo.

"Wewe ndiye unayeiba video za Madam Sofa?"

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti juu ya kochi la mteja, koleo mkononi, misumari mdomoni. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kujitetea haraka. Aliitema mmoja mmoja kiganjani, akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono, ndipo akauliza, "Madam Sofa ndiye nani?"

"Usijifanye. Mimi nilikuwa nakuletea kazi. Viti vya pale wanaposubiri wagonjwa, vyote, vimechakaa mpaka wagonjwa wanaomba wasimame. Wewe uko karibu, nikasema nije. Bahati nzuri binti yangu akanionyesha. Hebu tazama."

Mama Pacha akatazama simu aliyonyooshewa. Mwanamke mmoja alikuwa akitabasamu, kope ndefu kama brashi ya viatu, kifuani aproni nyeupe ambayo haijawahi hata kusalimiana na gundi. "Karibuni kwangu, wapenzi! Kochi lako ni mgonjwa wangu!" Kisha sura ikatoka, ikaja mikono miwili ikibandua kitambaa cha kochi la kijani.

Mikono ile Mama Pacha aliijua, alizaliwa nayo. Kochi la kijani nalo alilijua, lilimpa maumivu ya mgongo wiki nzima. Na ile sura vilevile aliijua, maana ilikula pilau la harusi yake ikalalamika kwamba nyama haitoshi. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, tumbo moja.

"Huyu ni wifi yangu," alisema. "Na hii mikono ni yangu."

Msimamizi aliitazama mikono, akaitazama simu, akamtazama Mama Pacha vile anavyotazamwa mgonjwa anayekataa sindano. "Kila anayekamatwa ana hadithi. Yeye ana wafuasi elfu arobaini. Wewe una elfu tatu. Sasa hapo nani atamwibia nani?"

Kwa hesabu hiyo ya msomi wetu, jalala ndiyo hoteli bora ya mji, maana nzi wake hawana idadi. Lakini ndiyo hesabu iliyotumika. "Kazi nampa mwenyewe," alisema msimamizi, akageuka na mkoba wake salama.

Ile haikuwa kazi ya kuipungia mkono ikienda. Mwenye jengo la karakana, aliyekuwa akidai kodi, alikuwa ameshaanza kupita kila asubuhi na kufuli mfukoni, akisalimia kwa sauti ya mtu anayefunga. Viti vya zahanati ndivyo vingemnyamazisha. Bila hivyo, mwezi ukiisha Mama Pacha na kochi zake wangekuwa nje, na kushonea kochi nje maana yake ni kushonea mvua.

*

Baba Pacha alikuwa mezani akila. Zamani alikuwa dereva. Tangu gari liuzwe na tajiri wake, alikuwa ndiye mshika kamera wa karakana. Alirekodi kwa simu yake, alikata, aliunganisha, aliweka muziki. Ni yeye pia aliyeshauri, tangu mwanzo kabisa, kwamba ionyeshwe mikono tu. "Uso wako ukiwa kazini, mke wangu, una unga wa mbao," alisema. "Watu watadhani tunafufua maiti." Mama Pacha alicheka akakubali, naye hakuwa mtu wa kupenda kujiona.

"Leo nimeiona sura ya dada yako," alimwambia, akikaa.

"Mzima?"

"Mzima. Iko juu ya mikono yangu."

Kijiko kilisita njiani. Alimweleza yote: mkoba, kope, kochi la kijani, na jinsi ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kuuona ukurasa ule kwa sababu wifi alikuwa amemfungia asiuone. Baba Pacha alisikiliza huku akitafuna polepole sana, kama aliyegundua mawe kwenye wali.

"Sasa tusikimbilie hasira," alisema hatimaye. "Labda anakutangazia."

"Ananitangazia kwa jina lake?"

"Mtandao ni mpana, mke wangu."

"Na wewe ni mwembamba. Nipe simu nimpigie."

Wifi alipokea kwa furaha ya mtu aliyepigiwa na benki kuambiwa ameshinda gari. "Wifi yangu kipenzi! Pacha hawajambo?"

"Hawajambo. Wifi, kwa nini umechukua video zangu?"

"Video zako?" Kicheko. "Wifi, mbona unasema kama jirani? Si tunasaidiana? Wewe una mikono, mimi nina sura. Ukiunganisha, ndiyo biashara."

"Ungeniomba."

"Niombe! Ndani ya familia! Sasa nikitaka chumvi kwa mama niandike barua?"

"Wifi, umenikosesha kazi leo. Mteja ananiita mwizi."

"Basi hao ni wateja wa hovyo. Usijali, nitakurushia mmoja." Akasikika akimwambia mtu pembeni aongeze mwanga. "Ila na wewe wifi, mwige mumeo, angalau yeye anaelewa mambo ya kisasa. Haya, nina laivu. Nakupenda!"

Mama Pacha alibaki ameshika simu iliyokatwa. Baba Pacha alikuwa amemaliza kula kwa kasi ya ajabu na sasa alikuwa akiosha sahani, kazi ambayo hakuigusa tangu siku ya ndoa.

*

Akaamua kupigana. Kwanza alimwambia mumewe aandike jina la karakana katikati ya kila video, herufi kubwa, juu ya mikono. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa akimfungulia ukurasa wa Madam Sofa kwa simu yake, alimwita jioni ileile. "Njoo uone maendeleo." Juu ya jina lake palikuwa pamebandikwa ua la waridi. Waridi kubwa, jekundu, likitambaa pamoja na mikono kama nzi aliyekufa kwenye kioo cha gari.

Na wala si video tu. Madam aliiba mpaka maneno. Wiki iliyotangulia Mama Pacha alikuwa ameandika, "Samahani wateja, tumechelewa, pacha wana homa." Wifi, ambaye hajawahi kuzaa hata wazo, aliyanakili yote kama yalivyo. Chini yake wafuasi walikuwa wamejipanga kutoa pole, na yeye akawajibu kila mmoja: "Asanteni, wanaendelea vizuri, jana wamekula."

"Huyu mtu," alisema kinyozi, wembe hewani, "siku ukiandika umefariki, atajizika."

Hatua ya pili Mama Pacha aliwashtakia wenye mtandao wenyewe. Alijaza walichotaka, akabonyeza, akangoja kwa imani ya mtoto. Jibu lilikuja asubuhi, limeandikwa na mashine yenye adabu kuliko watu: tunajali sana ubunifu wako, tumechunguza, na kwa kuwa kuna mwenzako aliyetangulia kulalamika kwamba unanakili kazi yake, ukurasa wako umefungwa. Uwe na siku njema.

Ule uliokuwa ukurasa wake, na wafuasi wake elfu tatu waliopatikana kwa jasho, ukawa mraba wa kijivu. Wifi alikuwa amewahi kwenda kushtaki. Mtu asiyejua nyundo inashikwa wapi, ambaye ukimpa angeuliza inachajiwa na waya gani, alijua mahali pa kushtaki.

"Basi, tumalizie hapa," alisema Baba Pacha. "Mungu atalipa."

"Mungu amekopa nini kwangu mpaka alipe?" alisema Mama Pacha. "Endelea kurekodi. Ukurasa ukifunguliwa, tuwe na akiba."

Akarekodi. Kochi jekundu la mwalimu mmoja lilivuliwa, likafumuliwa, likajazwa sponji mpya, likavikwa. Mikono ilipendeza siku hiyo. Video ikabaki ndani ya simu, haikuwekwa popote, maana popote palikuwa pamefungwa.

*

Kesho yake, mchana, kinyozi alitoka nje na kitambaa cha mteja bado begani. "Mama Pacha. Hili kochi jekundu ulisema hujaliweka mtandaoni?"

"Nitaliweka wapi? Makaburini?"

"Basi limefufuka." Akampa simu.

Lilikuwa lile. Kope, aproni, "karibuni wapenzi," kisha mikono, kochi jekundu, waridi halikuhitajika maana jina lilikuwa halijaandikwa. Mama Pacha akatazama mpaka mwisho. Na mwisho, Madam, kwa uvivu wa kawaida wa watu wa aina yake, hakukata. Mikono ilimaliza, ikatoka, na kochi likabaki peke yake kwenye picha huku sauti ya mwanamke ikisikika wazi kuliko redio: "Baba Pacha, toa huo mguu wako kwenye sponji yangu! Mguu wenyewe unanuka!" Ikafuata sauti ya mwanaume, karibu kabisa na simu, ikicheka.

Kinyozi aliurudisha tena mwisho ule, akiamini masikio yake yamekosea. Mguu ukanuka tena. Akazima.

"Mimi," alisema taratibu, "nimeacha kichwa cha mtu nusu." Akarudi ndani bila kugeuka.

Mama Pacha alisimama pale kati ya milango miwili. Video ile ilikuwa ndani ya simu moja tu duniani. Haikuibiwa. Ilitumwa, na mshika kamera aliyeituma alikuwa muda huohuo nyuma ya karakana, akipiga mluzi, akichagua muziki.

Hakumwendea. Hasira ikiwa ndogo hupiga kelele. Hii ilikuwa kubwa mno, ilikaa kimya ikasubiri mahali pa kukaa watu wengi. Na mahali penyewe palijileta. Saa nane Baba Pacha alikuja akijikuna shingo.

"Mama anatuita nyumbani kwake. Kuna kikao kidogo. Cha familia."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu viti."

*

Viti vya zahanati vilikuwa vimejaa uani kwa mama mkwe. Vilikuwa vimeletwa na gari siku kadhaa nyuma, vikapangwa ukutani, na tangu hapo kuku wa nyumba ile walikuwa wamejiandikisha kama wagonjwa. Kila kiti kilikuwa na wake. Mmoja alikuwa hata ametaga.

Wifi alikuwa amekaa kivulini na simu yake, kucha ndefu za rangi ya dhahabu, uso umepakwa kama kuta za ofisi mpya. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, mikono mapajani, sauti ya asali tayari mdomoni.

"Karibu mwanangu. Kaa. Wewe ndiye nguzo ya nyumba hii."

Mama Pacha alipoitwa nguzo, alijua wanataka kumwegemea. Akakaa.

"Wifi yako amepata kazi," alisema mama mkwe. "Kazi nzuri. Ila unajua yeye ni mtu wa mipango, si mtu wa nyundo. Msimamizi anavitaka viti Ijumaa. Sasa mimi nikasema, mna fundi ndani ya ukoo, mnahangaika nini?"

"Nitakulipa, wifi," alisema Madam bila kuinua macho. "Siyo bure. Utapata kitu kidogo cha mboga."

"Kwa kazi niliyonyang'anywa nipewe mboga."

"Nani amekunyang'anya? Mteja alichagua. Mimi nina jina."

Mama Pacha alimgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, mguu mmoja ndani mmoja nje. "Baba Pacha. Video ya kochi jekundu alipewa na nani?"

Baba Pacha alimtazama dada yake, akamtazama mama yake, akatazama mbingu, na kote huko hakukutana na wakili.

"Ni… tulikuwa tunajaribu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo kidogo."

"Alikupa nini?"

"Si kwamba alinipa. Alikuwa ananinunulia data. Na…" Akashusha sauti. "Alisema mimi ndiye mkurugenzi wa picha. Wa kampuni."

Mkurugenzi wa picha! Ukurasa umefungwa, karakana inafungwa, mke anaitwa mwizi mlangoni kwake, na yote hayo kwa data na cheo ambacho hakina hata kiti. Na ubaya ni kwamba alilisema lile neno huku mgongo ukinyooka kidogo. Tangu gari liuzwe hakuna aliyekuwa amemwita kitu chochote isipokuwa baba wa watoto.

"Ni dada yake jamani," alisema mama mkwe. "Damu moja. Angemnyimaje? Yaishe."

"Yamekwisha, mama," alisema Mama Pacha. "Viti nitavishona."

Wote wakapumua. Wifi akatabasamu kwa simu yake.

"Ila kwanza wifi awaambie watu wake mikono ni ya nani. Sasa hivi. Laivu."

"Hilo tu?" Madam alicheka. Watu wa namna yake hawaogopi kamera. Wanaogopa kazi tu. Alipandisha kope, akafukuza kuku mmoja, akamkabidhi kaka yake simu. "Mkurugenzi, washa. Usinishike kwa chini, nitaonekana nina kidevu."

Akawasha. Watu wakaanza kumiminika.

"Wapenzi wangu! Leo tuko kwenye karakana yetu ya nje, asili kabisa, na ninataka kuwajulisha kwa msaidizi wangu mdogo ambaye huwa ananishikia vitu…"

Msaidizi mdogo alinyanyuka. Alitoa koleo kwenye mfuko wa gauni, akaliweka kwenye mkono wenye kucha za dhahabu, akaburuta kiti mpaka mbele ya kamera.

"Bosi," alisema kwa adabu kubwa, "niwie radhi, nimesahau. Nionyeshe pini moja inang'olewaje. Moja tu."

Madam alitazama koleo. Alilishika upande wa meno yake, mpini ukaelekea kwenye kiti. Akaligeuza, likawa kifudifudi. Akacheka na wapenzi wake, akalisukuma kwenye kitambaa, kiti kikasogea. Akalisukuma tena, kiti kikaanguka, na kuku aliyekuwa nyuma yake akaruka akipiga kelele kwa niaba ya ukoo mzima.

"Wanaandika nini?" aliuliza akihema.

Baba Pacha, ambaye mazoea yake yalikuwa ni kusoma maoni kwa sauti, akasoma. "'Dada, umeshika koleo kama mswaki.' 'Mbona mikono ya kwenye video haina kucha?' 'Huo ni uani kwa nani?' 'Pacha wamepona?'" Akasita. "'Huyo wa pembeni ndiye mwenye ile mikono, naiona.'"

Madam alivuta kwa hasira. Kitu kikatoka kwa mlio, kikaruka. Kilikuwa kucha. Ndicho kitu pekee alichowahi kung'oa kwenye kiti maishani mwake.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima wewe!"

"Usizime," alisema Mama Pacha, wala hakupandisha sauti.

Na Baba Pacha, katikati ya sauti mbili, alifanya kama alivyofanya siku zote. Alibaki amesimama.

Simu ya Mama Pacha ikalia. Namba ngeni.

"Nimepata namba yako kwenye mlango wako," ilisema sauti ya msimamizi wa zahanati. "Binti yangu ananionyesha kitu hapa. Vile ni viti vyangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule ni kuku?"

"Ni kuku, mama. Kuna na yai."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukahesabu wafuasi."

Samahani haikutoka, watu wa mkoba hawatembei nayo. "Basi fanya wewe. Kwa bei tuliyopatana na yule dada."

"Kwa bei yangu. Na kuosha mavi ya kuku ni kazi ya ziada."

"…Haya. Ijumaa."

"Jumatatu."

"Haya, Jumatatu."

Alikata. Mama mkwe alikuwa ameanza kulia bila machozi, akiuliza ukoo umemkosea nini Mungu. Wifi alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kope moja imebanduka ikaning'inia shavuni, anafuta pua. Ungemhurumia, kama hukumwona alivyonyoosha shingo kuchungulia simu.

"Wangapi?" alimuuliza kaka yake kwa sauti ya kilio.

"Wanaongezeka," alisema Baba Pacha, macho yamemtoka. "Wamepita elfu arobaini na mbili. Wanacheka, lakini wanaongezeka."

Kilio kikapungua. Madam alibandika kope mahali pake kwa kidole kisicho na kucha, akajaribu tabasamu dogo, la mtu aliyeonewa. Na Baba Pacha akapiga hatua, akainama, akasema taratibu kama anayembembeleza mtoto, "Geuza uso kidogo huku, dada. Mwanga uko huku."

Mama Pacha alisikia. Mpaka hapo alikuwa bado anapanga: atamsema vipi nyumbani, atamnunia siku ngapi, ataanza na lipi. Sentensi hiyo ilimfutia mpango wote, ikamwachia utulivu.

Alitoka barabarani, akarudi na mtu wa mkokoteni. Wakaanza kupakia. Viti vilipanda kimoja kimoja, kuku wakashushwa mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba msaada na hakuna aliyeutoa. Yai alimkabidhi mama mkwe mkononi, kwa heshima, kwa kuwa ni mali yake.

Alichukua koleo lake kutoka kwenye mkeka, akalifuta kwenye gauni.

"Mke wangu," alisema Baba Pacha, "nije nisukume kwa nyuma?"

"Hapana. Unaniharibia sponji."

"Sasa mimi je? Nifanye nini?"

"Wewe ni mkurugenzi. Baki na kampuni yako. Wanangu nitawapitia shuleni mwenyewe." Akamwashiria mtu wa mkokoteni. "Twende, kaka. Pole pole kwenye shimo."

Mkokoteni ukatoka getini, umebeba miguu ya viti iliyoelekea juu. Nyuma yake uani Madam alishaanza kuwasimulia wapenzi wake jinsi ndugu wanavyoweza kuwa na wivu. Baba Pacha alikuwa amesimama palepale na simu, ameielekeza kwenye mgongo wa mkewe unaopotea barabarani. Na kwa kuwa hakuna tena aliyemwambia azime au asizime, aliendelea kurekodi.